Mama Shija na Habari za Mlimani

Pasaka ya mwaka huu ilinikuta Geita, kwa mdogo wangu aliyebaki kwenye nyumba ya baba yetu, nilikokwenda kwa ajili ya kipaimara cha bintiye. Makazi yangu sasa ni Shinyanga, mtaa wa Kambarage, ninakoshona nguo, na Geita ninakwenda kama mgeni yeyote, na begi langu na zawadi za sabuni na mchele. Jumatatu ya Pasaka asubuhi watoto walivaa nguo mpya wakaniambia wanapelekwa matembezi. Nikauliza wapi. Wakanitajia bustani iliyo nyuma ya hoteli moja, ambako kuna bembea, chipsi, na nyumba ya mpira inayojazwa upepo watoto warukeruke ndani.

"Siku hizi hampandi mlimani?" nikawauliza.

Yule mkubwa akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya kigeni. "Mlima upi, mama mkubwa?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kupitia dirishani. Ulikuwa pale pale, umekaa nyuma ya mabati ya nyumba kama ulivyokaa siku zote.

"Aa," akasema. "Pale kwenye minara ya simu. Pale kuna nini?"

Wakaondoka na kelele zao, nami nikabaki dirishani na kikombe cha chai kikinipoa mkononi. Ngoja nikueleze wewe, ndugu yangu, ambaye huenda nawe ulikuwa na mlima wako.

Tulikulia chini ya ule mlima. Haukuwa mrefu wa kutisha, lakini kwa mtoto ulikuwa unatosha kuziba nusu ya mbingu. Asubuhi jua lilichelewa kufika kwetu kwa sababu lilikuwa na kazi ya kuupanda kwanza, na sisi tulikwenda kuchota maji kisimani miguu ikiwa imelowa umande na meno yakigongana. Bibi yangu aliuita Lugulu, ambalo ni neno la Kisukuma la mlima wowote, kana kwamba duniani hapakuwa na mwingine. Bibi alikuwa ametoka Mhunze, kule Kishapu, kwenye nchi tambarare ambako mtu akija kukutembelea unamwona tangu asubuhi na anafika mchana. Alikuwa haachi kuushangaa. "Nchi imesimama wima," alikuwa akisema, akiwa ameketi kwenye kigoda anabangua karanga.

Siku hizo habari za mji hazikutujia mfukoni. Zilipita barabarani kwa miguu, na mwenye kuzipitisha alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mama Shija. Alikuwa mjane. Alfajiri alikaanga maandazi, na harufu ya mafuta na iliki ndiyo iliyotuamsha kabla ya jogoo. Akishamaliza kuuza alijifunga kanga ya pili kiunoni, akachukua kipaza sauti alichopewa na ofisi ya mtaa, akatoka. Alitangaza mtoto aliyepotea sokoni, chanjo ya vichanga, ng'ombe aliyeonekana bila mwenyewe, mkutano wa wazazi, mechi ya Jumapili, na zaidi ya yote, misiba. Betri zikichoka alizianika juu ya bati zipate joto, nasi watoto tulizilinda kunguru wasizidonoe, maana tuliamini kunguru akila betri atatangaza uongo.

Alikuwa na sauti ya pekee. Haikuwa kali. Ilikuwa nene na tulivu, ikikufikia kana kwamba amekaa jikoni kwako. Na alikuwa na desturi moja: kabla ya kutangaza msiba alisimama kwanza kimya mbele ya nyumba, mpaka watu wenyewe wazime redio. Bibi alimheshimu kwa hilo. "Habari ni kama kaa la moto unaloomba kwa jirani," alituambia. "Usipolibeba vizuri, unaunguza nyumba za watu njiani."

Mama Shija alizaa mapacha kwanza, Kulwa na Doto. Doto alifariki akiwa mchanga. Kisha akazaliwa Shija, kama jina linavyosema, wa kuwafuatia mapacha. Kulwa alikuwa msichana mkubwa, mpole, aliyenisuka nywele kila Jumamosi. Na Shija, wakati huo ninaousema, alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, mwembamba, na mguu mwepesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Jumatatu ya Pasaka mji wote ulipanda mlimani. Sijui nani alianzisha. Wakristo walipanda, Waislamu walipanda, wachimbaji waliotoka Mara na Kigoma na Singida walipanda, na hata mwenye duka kubwa la vifaa, mzee wa Kihindi aliyetuuzia misumari na kamba, alipanda na mkewe polepole, wakipumzika kila kwenye jiwe kubwa. Wanawake walibeba vyungu kichwani. Sisi tulibeba mikeka. Kule juu palikuwa na uwanda wenye nyasi fupi na mawe mapana yaliyopata joto la jua, na ukilala juu yake kifudifudi ulisikia mlima ukipumua. Basi ndivyo tulivyoamini.

Tulikula matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na karanga mbichi. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa ziwani aliyebanikwa, na maziwa mgando kwenye vibuyu. Vikundi viwili vya ngoma vilishindana kuvuta watazamaji, kimoja huku na kingine kule, na vumbi lilipanda likachanganyika na moshi. Ukisimama ukingoni uliuona mji mzima chini, mabati yaking'aa, na mbali kabisa, siku ikiwa safi, ule mstari mweupe ambao wakubwa walisema ni ziwa.

Lakini kilele cha siku kilikuwa mbio. Vijana walianzia chini, kwenye uwanja wa shule, na kumalizia pale juu. Mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyekuwa msimamizi, mwenye filimbi shingoni na suruali ya michirizi ambayo hakuivaa siku nyingine yoyote. Na Mama Shija alisimama juu ya jiwe kubwa na kipaza sauti chake, akitueleza nani yuko mbele, nani amejikwaa, nani amekaa chini anaomba maji. Mwaka uliotangulia Shija alishinda. Mama yake alitangaza ushindi wa mwanawe kwa sauti ile ile ya siku zote, ila alipomaliza alishuka jiweni, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akarudi tena juu.

Baada ya ushindi ule Shija alitufundisha sisi watoto wa mtaa kupanda bila kuchoka. "Msitazame kileleni," alituambia. "Kileleni kunakatisha tamaa. Tazama kisigino cha aliye mbele yako." Mpaka leo nikipanda ngazi ndefu ninatafuta kisigino cha mtu.

Sasa, upande wa pili wa mlima, upande usioonekana kutoka kwetu, vijana walikuwa wamechimba maduara. Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, linalokwenda chini wima kama kisima, kisha likatoa njia za pembeni, na mara nyingi njia za duara moja zilikutana na za duara jingine. Kuta zilizuiwa kwa magogo yaliyoitwa matimba. Baba yangu alikuwa seremala, na mara nyingine walikuja kununua mbao kwake. Shija alikuwa amejiunga na wenzake watatu kwenye duara moja huko. Mama yake hakupenda, lakini kijana wa Geita kumkataza duara ni kama kumkataza mtoto wa pwani asioge baharini.

Mwaka huo masika yalikuwa mazito. Wiki yote ya kuelekea Pasaka mvua ilinyesha, na njia zetu ziligeuka mito ya udongo mwekundu. Jumatatu kulipambazuka shwari, jua zuri, kila kitu kikiwa kimeoshwa. Nilikuwa uani nasafisha vikombe kwa majivu nikawasikia wakizungumza upande wa pili wa ukuta.

"Subiri ardhi ikauke, mwanangu," alisema Mama Shija. "Siku mbili tu."

"Mama, mwamba wa dhahabu umeonekana. Tukiuacha, wengine watauingia kwa pembeni."

"Na mbio?"

"Nitatoka mapema. Nitazunguka kwa chini nikute wenzangu uwanjani. Wewe weka betri nzuri, nisije nikashinda watu wasisikie."

Akacheka. Nilimwona akitoka, amevaa kaptula ya michezo tayari, na viatu vya kukimbilia amevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Alipiga ngumi kidogo kwenye ukuta wetu, kama alivyozoea kunisalimia, akapotea.

Mchana mlima ulikuwa umejaa. Wakimbiaji walikuwa tayari chini uwanjani, na mwalimu alikuwa amemwacha msaidizi wake huko, akapanda juu kupokea washindi. Shija hakuonekana. Mwalimu hakutaka kuanza bila bingwa, naye Mama Shija akawa anatuchangamsha. "Jamani, vumilieni," alisema kwenye kipaza sauti. "Bingwa wenu bado anafunga kamba za viatu. Mnajua miguu yake ilivyo mirefu, kamba hazitoshi." Watu walicheka. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Ngoma ziliendelea.

Kisha nikamwona mtu akitokea upande ule wa pili, akipanda kwa mikono na miguu. Alikuwa na udongo mwili mzima, hata kope. Hakupiga kelele. Alitembea moja kwa moja katikati ya watu waliokaa kwenye mikeka, akaenda kwa mwalimu, akamwinamia sikioni. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwona mwalimu akishika filimbi yake kwa mkono mzima.

Mwalimu akasogea jiweni. "Mama Shija," akasema chini chini, "nipe hicho kipaza sauti kidogo. Shuka upumzike."

Mama Shija alimtazama. Akamtazama yule mtu mwenye udongo. Akamwuliza yeye, si mwalimu: "Duara lipi?"

"Letu, mama. La kule bondeni. Limetitia."

"Wako ndani?"

"Wako ndani wote watatu. Mimi nilikuwa juu, navuta kamba."

Mwalimu akanyoosha mkono tena. "Nipe, mama. Nitasema mimi."

"Hawa watu ni wengi, mwalimu, na njia ni ya utelezi," alisema. "Ukiwaambia kwa sauti hiyo yako inayotetemeka, watakanyagana. Niache nifanye kazi yangu."

Akakinyanyua kipaza sauti. Hakusema kitu. Alisimama kimya, vile alivyosimama mbele ya nyumba za watu. Ngoma ya kwanza ikanyamaza. Halafu ya pili. Wanawake wakashusha miiko. Sijawahi kusikia watu wengi namna ile wakinyamaza pamoja mahali pa wazi. Upepo ndio uliobaki.

"Ndugu zangu, nisikilizeni," alisema. "Upande wa pili duara limetitia. Vijana wetu watatu wako chini. Wanaume wenye nguvu watangulie, mmoja nyuma ya mwingine, wachukue njia ya juu ya mawe, si ya tope. Akina mama shikeni watoto. Asikimbie mtu. Aliye na jembe, sururu, kamba au mbao nyumbani kwake, ashuke akavilete. Asikimbie mtu, narudia."

Na hakuna aliyekimbia. Mji mzima ulishuka ule mlima kwa mwendo wa mazishi. Sauti ile ilikuwa haijabadilika hata kidogo, na kwa muda mfupi mimi mtoto nilidhani labda hakuelewa alichoambiwa. Ndipo nilipomwona Kulwa. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, na alinishika mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vyangu vilibaki na alama.

Tulipofika kwenye duara palikuwa na shimo la tope mahali palipokuwa na mdomo wake, kama chungu kilichozama. Wanaume walianza kuchimba. Baba yangu alirudi na mbao na misumeno, akawa anakata matimba pale pale, na mwenye duka la vifaa alikwenda kufungua duka siku ya sikukuu, akaleta majembe mapya na kamba na maboksi ya betri, akasimama kando mikono nyuma. Bibi na akina mama wengine walikoka moto, wakapika uji wa wachimbaji. Mimi nilikaa na Kulwa juu ya gunia.

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na duara jingine, la watu wengine, lililosalimika. Mmoja wa wachimbaji alisema njia za chini za maduara hayo mawili zilikuwa zimekaribiana sana, huenda sauti ikapita. Mama Shija hakungoja aambiwe mara mbili. Alilala kifudifudi kwenye tope, na gauni lake la Pasaka, akaingiza kipaza sauti mdomoni mwa lile duara.

"Vijana," alisema. "Ni mimi, Mama Shija. Watu wako hapa juu. Tunachimba. Mkinisikia, gongeni."

Wachimbaji wakasimamisha majembe. Hakuna kitu. Akarudia. Akarudia tena, kwa maneno yale yale, bila kuyaharakisha. Kisha mchimbaji aliyeteremshwa kwa kamba kidogo ndani ya lile duara akainua mkono juu ya mdomo wake. Amesikia kitu. Jiwe juu ya jiwe.

Watu walitaka kupiga vigelegele. Mama Shija akapunga mkono nyuma yake wanyamaze. Akainama tena.

"Nimewasikia. Sasa, kila aliye hai agonge mara moja, mmoja mmoja."

Tulisubiri. Yule aliyekuwa kwenye kamba aliinua kidole kimoja. Baada ya muda akainua cha pili. Tukaendelea kusubiri. Nilikuwa nikiutazama mkono wake kana kwamba naweza kuulazimisha. Haukuinuka tena.

Kulwa hakulia. Aliweka kichwa chake begani kwangu, mimi mtoto mdogo, na niliona ni kizito kuliko mzigo wowote niliowahi kubeba.

Mama Shija alibaki ameweka shavu lake kwenye udongo. Kila mtu pale alijua alichokuwa anajiuliza, na kila mtu alidhani sasa atauliza. Angesema tu, "Shija, gonga." Hakusema.

"Vizuri," alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ile ile. "Nimewahesabu. Pumueni polepole. Msiongee, msipoteze pumzi. Nitaongea mimi. Upande wanaochimba ni upande wa mkono wa kulia, mtasikia majembe. Hakuna mtu atakayeondoka hapa."

Na aliongea. Mchana wote aliongea na lile shimo. Aliwaambia nani amekuja kuchimba, akawataja kwa majina. Aliwaambia mwalimu amevua ile suruali yake ya michirizi anachimba na kaptula. Aliwaambia uji umeiva na kwamba bibi yangu ameutia karanga, na kwamba ukipoa watapashiwa mwingine. Betri zikiisha, aligeuza mkono nyuma bila kutazama, na mtu alimpa nyingine. Nilisikia habari zote za mji wangu mchana ule, kwa utaratibu, kama za siku ya kawaida, zikiingia ardhini.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa magharibi walipofungua njia. Wa kwanza kutolewa alikuwa kijana mmoja wa Sengerema, amevunjika mguu, anapepesa macho. Wa pili alikuwa mwenzake. Mama Shija aliwatazama wote wawili wakipita mbele yake. Alipomwona wa pili si mwanawe, aliketi. Ndipo alipokizima kipaza sauti, nikasikia kile kimlio kidogo cha kuzima.

Yule kijana wa Sengerema aliomba wamsimamishe karibu naye. "Mama," alisema, "Shija aliondoka pale pale, udongo uliposhuka. Hakuteseka. Sisi tuliishika ile sauti yako. Tuliishika kama kamba."

"Poleni, wanangu," alimjibu. "Nendeni mkanywe uji."

Walimtoa Shija baadaye kidogo. Viatu vyake vya kukimbilia walivikuta juu, kwenye kibanda cha kamba, vikavu.

Baba alitengeneza jeneza jioni ile. Siku zote alipopiga randa alikuwa akiimba. Jioni ile nilisikia randa tu.

Kulipokucha hatukusikia harufu ya maandazi, na mtaa wote ulijua tunasubiri nini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemtuma kijana mmoja aje achukue kipaza sauti, atangaze yeye. Nilimwona kijana yule amesimama mlangoni kwa Mama Shija, amevua kofia. Mlango ukafunguliwa. Mama Shija akatoka akiwa amejifunga kanga mbili, kipaza sauti mkononi, akampita, akaingia barabarani. Alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, kimya, kwa muda ule ule aliowapa wengine. Halafu akaigeukia barabara.

"Natangaza msiba," alisema. "Msiba ni wa nyumbani kwangu. Shija hatunaye. Mazishi ni leo saa kumi. Walio na majembe waje nayo."

Akaanza kutembea. Alipopita mlangoni kwetu, bibi aliacha moto, akachukua mkongojo wake, akamfuata. Jirani wa nyumba ya tatu akatoka, naye akafuata. Kila nyumba aliyopita alitoka mwanamke, hata wale waliokuwa na unga mikononi. Hawakusema kitu, hawakumwimbia, hawakumshika. Walitembea nyuma yake tu. Alipomaliza kuuzunguka mji, nyuma yake palikuwa na mji wa pili.

Mbio hazikufanyika tena. Mwaka uliofuata mwalimu alijaribu kuwakusanya vijana, wakaja wachache, wakasimama uwanjani wakitazamana, wakarudi makwao. Maduara ya upande ule yalifukiwa kwa amri. Kwa miaka michache watu waliendelea kupanda na vyungu vyao, kisha wakapungua, kisha nyumba zikaanza kupanda badala yao, na minara ya simu ikasimikwa pale penye jiwe kubwa. Bibi alifariki mimi nikiwa sekondari, na huo ulikuwa mmoja wa misiba ya mwisho kutangazwa na Mama Shija. Baadaye watu walianza kupeana taarifa kwa simu, na ofisi ya mtaa ikawa haimwiti. Kulwa aliolewa Ushirombo, akamchukua mama yake.

Nilipotoka Geita safari hii sikunyoosha moja kwa moja nyumbani. Nilizungukia Ushirombo. Kulwa alinitambua kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki, tukakumbatiana, mvi kwa mvi. Mama yake alikuwa uani kwenye mkeka, amekonda, macho yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti hii ni ya nyumba ya seremala."

Nilikaa karibu naye sana, maana yeye sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, kama maji ya chini ya mtungi. Tulikula matobolwa kwa maziwa. Tulizungumza habari za bibi, za baba. Nilikuwa nimekaa na swali langu tangu utotoni, nikaona nisipouliza siku ile sitauliza tena. Nikamwuliza kwa nini mchana ule, baada ya kusikia mlio wa pili wa jiwe, hakuita jina la mwanawe.

Hakushangaa. Pengine watu wengi walishamwuliza. Pengine hakuna aliyewahi.

"Wale waliokuwa wananisikia ni wawili," alisema. "Ningeita Shija, na Shija hayumo, wangejua kwamba walio hai si wale niliowataka. Mtu aliye chini ya udongo ukimwambia hivyo, mwanangu, anaacha kupumua."

Kulwa aliinuka akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Kuku alipita. Halafu Mama Shija akakunjua miguu yake, akanigusa goti, na uso wake ukawa na ile hamu niliyoikumbuka, ya mtu anayejiandaa kutoka.

"Haya. Unatoka Geita. Nipe habari."

Nikamwambia barabara zimewekwa lami, taa zinawaka usiku kucha. Nikamwambia kuna uwanja mpya wa mpira, na maonyesho ya madini yanayovuta watu kutoka mikoa yote, na maghorofa pale palipokuwa na soko la viazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hizo ni habari za mji," alisema. "Nipe za watu. Mtaani kwetu nani amezaa? Nani anaumwa? Nyumba yangu wanakaa akina nani?"

Nilikuwa nimelala pale siku nne, ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Nilikuwa nimesikia mtoto mchanga akilia upande wa pili, nikageuza shavu kwenye mto nikaendelea kulala.

Mama Shija alisubiri, kichwa ameinamisha upande wangu, sikio limetegwa, kimya, kama alivyowasubiri watu wazime redio.